Mwendo wa Gasenyi

Watu wakiniuliza niliwezaje kuongoza okestra Bujumbura wakati wa vita, mimi huwajibu kwamba sikuongoza okestra, niliongoza nusu mbili. Wanacheka, wakidhani natania.

Kabla ya vita nilikuwa na wapigaji thelathini hivi: makarani, wauguzi, walimu wenzangu, na mpiga klarineti mmoja aliyepakua mizigo bandarini na kuja mazoezini akinuka samaki wakavu. Wote niliwafundisha mwenyewe. Vita ilipogawa mitaa, kila kabila lilijikuta upande wake. Wapiga fidla na sello wakawa kaskazini, Gasenyi. Wa filimbi na tarumbeta, na mimi pamoja nao, tukawa upande wa ziwa. Usiniulize kwa nini fidla zilikuwa na kabila. Wapiga fidla walikuwa wameletana wao kwa wao, ndugu na majirani, nami wakati huo sikuona ubaya.

Basi Jumanne nilifundisha Kinindo, upande wetu wa ziwa, ndani ya gereji ya nyumba moja kubwa, na Alhamisi nilipanda teksi kwenda Gasenyi, kwenye darasa la shule ya msingi. Mke wangu aliniambia nina kichaa. Nilimwambia siogopi, na niliamini ninachosema. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilipoambiwa mpiga sello wa pili ameuawa njiani akitoka sokoni, nilichukua penseli nikamwandikia mwenzake zile noti zake muhimu, kisha nikala maharage yangu. Yalikuwa na chumvi nyingi. Hilo ndilo ninalolikumbuka.

Mwaka ukaisha hivyo. Paroko mmoja wa katikati ya mji akatupa ukumbi kwa Jumapili moja alasiri, tupige pamoja. Pande zote mbili zilikubali kuvuka mji, lakini mara moja tu. Mazoezi ya pamoja walikataa. Mama mmoja, karani wa posta aliyeongoza wapiga fidla, aliniambia waziwazi: "Mwalimu, tutakuja juu yako, ni wewe umetuita. Ikiharibika, usituite tena." Kwa hiyo nilijua: siku ile ingeturudisha kuwa okestra, au ingetumaliza.

Tulichagua kipande cha polepole, nilichokiandika mwenyewe zamani kwa ajili ya harusi ya dada yangu. Kinakwenda kama watu wanaotembea baada ya kushiba. Miaka yote nilikuwa nikiwakemea wanafunzi kwa ajili yake: haraka haraka haina baraka! Kipimamwendo changu, kile cha kuhesabia mapigo, kiliibwa nyumba yetu ilipovunjwa, kwa hiyo mwendo niliutoa mwilini mwangu. Sikuona tatizo. Kazi hii nimeifanya tangu ujana.

Jumapili ile walikaa, fidla kushoto, tarumbeta kulia, hakuna aliyemsalimia mwenzake. Ukumbi ulijaa. Niliinua mkono.

Kufikia mstari wa tatu fidla zilikuwa zimeshatangulia. Tarumbeta zilibaki nyuma, zikitembea kwa shibe yao. Nilipunguza mkono, nikaukaza, wapi! Wapigaji wangu hawakuwa wanamuziki wa kazi, wa kumfuata kiongozi papo hapo. Macho yao yalikuwa kwenye karatasi, na mwendo walikuwa wameukariri kwa mwaka mzima. Nilisimamisha. Tukaanza upya, ikawa vilevile. Watu ukumbini wakaanza kukohoa.

Yule mama wa posta akashusha fidla yake.

"Mwalimu, hawa wenzetu wanapiga pole sana. Kwao ulifundisha ivi?"

"Ndiyo, mama."

"Na sisi ulitufundisha mbio."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaiona teksi nje ya darasa la Gasenyi, dereva akipiga honi, na mimi nikiwa mgongo ukutani, uso mlangoni, mkono ukienda mbio. Kila Alhamisi. Kichwa changu hakikuogopa chochote, lakini mkono ulitaka kwenda nyumbani, na wao wakauamini.

"Ulikuwa unatuogopa," akasema. Hakuuliza. Wapiga fidla wote walikuwa wananitazama, watu niliowashika vidole kuwaonyesha noti ya kwanza.

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akarudisha fidla begani. Kisha akawageukia wale wa tarumbeta, mara ya kwanza tangu waingie.

"Mutufuate sisi. Sisi tulishazoea, na watu wanangoja."

Mpiga klarineti wa bandarini akaitikia kwa kichwa. Nikainua mkono, nao wakaanza, safari hii wote pamoja, sawasawa, bila kosa hata moja, kwa mwendo wa mtu anayekimbia majirani zake. Ukumbi ulipiga makofi kwa kusimama. Nikainama kushukuru, nikabaki nimeinama, kwa sababu nilikuwa naona aibu, na tangu vita ianze hicho ndicho kitu cha kwanza nilichohisi.