Kura Aliyoifunga Arvilla Pelkey

Arvilla Pelkey alikuwa mkamua ng'ombe kabla hajawa mbunge wa jimbo, na hata bungeni alikwenda na mabuti yake ya zizini, maana mwezi wa nne kwetu kila barabara ni matope. Ng'ombe wake arobaini na mmoja walipigwa risasi wakafukiwa, maziwa yao yalipopimwa yakakutwa na sumu. Sumu ilitoka kwenye machicha ya kiwanda cha karatasi, yale waliyotumwagia mashambani miaka ishirini wakituambia ni mbolea, tena ya bure. Na sisi tukashukuru!

Miaka sita alipigania muswada mmoja tu: machicha yasimwagwe tena shambani kwa mtu. Siku ya mwisho ya kikao ndipo ikafika zamu ya kura.

Asubuhi hiyo simu ikalia. Alikuwa Lyle Thibodeau wa ng'ambo ya mto, mbunge wa chama kile kingine, aliyeupinga muswada tangu siku ya kwanza.

"Arvilla, moyo umenigomea. Wananipasua leo mchana."

"Pole, mzee. Si nilikuambia uache mafuta ya nguruwe?"

"Niachie mafuta yangu. Funga kura na mimi."

Kufunga kura ni desturi yetu. Mgonjwa akikosekana, mmoja wa upande wa pili naye anakaa bila kupiga, ili ugonjwa wa mtu usimnufaishe mwingine. Wengi huandikiana karatasi. Hawa wawili hawakuwahi; Lyle alimfungia Arvilla kwa neno tu mwaka Arvilla alipomzika mumewe. Arvilla akahesabu kichwani. Hata bila kura yake, muswada ulikuwa mbele kwa kura nane.

"Nimefunga," akasema.

Saa nane mchana Corbin Nadeau, mhesabu kura wa chama chake, akaja anahema.

"Dada, watu wa kiwanda wameshinda koridoni tangu asubuhi. Wanne wetu wamehamia kwao. Ukibonyeza kitufe chako, tunapita kwa kura moja. Usipobonyeza tunalingana, na tukilingana muswada umeanguka."

"Nimefunga na Lyle."

"Karatasi iko wapi?"

"Hakuna karatasi."

"Basi hujafunga chochote! Bonyeza, mama!"

Arvilla akatoka mbio kumpigia Lyle simu amwachilie. Akapokea Jeannine, mkewe.

"Wameshamchoma sindano ya usingizi, Arvilla. Yuko ndani."

"Hakusema kitu juu ya kura?"

"Alisema analala moyo mweupe, maana umemfungia wewe. Kwani vipi?"

"Basi tu."

Mtu mmoja tu duniani angeweza kumfungua, na huyo yuko mezani kifua wazi.

Akarudi kitini. Juu, kwenye viti vya wananchi, aliketi jirani yake Glenys Fogg, ambaye kisima chake ndicho kilichoingiwa na sumu ya machicha kuliko visima vyote vya kwetu. Kengele ikalia. Arvilla akakalia viganja vyake, kama mtoto aliyekatazwa sahani ya mwenzake.

"Bonyeza basi, kichwa kigumu wewe!" Corbin alimnong'oneza nyuma ya sikio.

"Mheshimiwa Pelkey yupo," akasema Spika. "Anapiga?"

"Nimefunga, Mheshimiwa Spika."

"Bibi kasinzia!" mmoja wa upande wa pili akapaza sauti, wenzake wakacheka. Nyundo ikagonga. Kura sawa kwa sawa. Muswada ukaanguka.

Glenys alimngoja kwenye ngazi.

"Hukubonyeza."

"Sikubonyeza."

"Mume wangu anakojoa damu, na wewe unamtunzia Lyle neno?"

"Nilimpa."

"Hata samahani huna?"

Arvilla alikuwa nayo. Lakini akiitoa atakuwa amekiri kwamba alikosea, na hakuona alipokosea. Wala hakuona alipopatia.

"Mwezi wa kwanza, kikao kipya kikifunguliwa, nitauleta tena," akasema.

"Mwezi wa kwanza!" Glenys akashuka bila kugeuka. Chini, wenzake wenye visima vya sumu walikuwa wamejaa njia yote hadi kwenye magari, wanatazama juu. Nyuma yake, ndani, kengele ikaita kura ya muswada mwingine. Arvilla akabaki pale katikati ya ngazi, mkono kwenye chuma baridi.