Vancouver Iko Upande Gani

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akiomba ameelekea Mlima Kenya. Mama ni mtu wa kanisa na hataki kusikia habari hizo. Lakini tangu kaka yangu mdogo, kitinda mimba wake, aende kufanya kazi Vancouver, kila jioni mama hutoa stuli nje ya nyumba yetu ya Woodley, Nairobi, akaketi akitazama magharibi na kumwombea. Siku moja nilimtania kwamba Mungu yuko kila mahali.

"Mungu ako kila mahali," akanijibu. "Mtoto wangu ako mahali pamoja."

Upande huo aliupata kwenye ramani ya dunia iliyobandikwa sebuleni tangu tukiwa shule. Aliweka kidole Nairobi, akakiburuta kushoto, akavuka Kongo, akavuka bahari, akafika.

Jumapili moja mwaka huu nilitoka Kangemi, ninakopanga chumba, nikaenda kumwona. Nilimkuta hana raha. Kaka alikuwa amepiga simu kusema Krismasi hii pia hatakuja, safari ni ndefu mno.

"Hebu angalia kwa simu ni mbali aje," mama akaniambia. "Isikuwe ananidanganya tu."

Nikaandika viwanja viwili vya ndege, cha kwetu na cha kwao. Jibu likaja: kilomita elfu kumi na nne na ushei. Mama akashusha pumzi. Angalau mwanawe hakuwa mwongo. Lakini mchoro uliokuja na jibu ulinishangaza. Mstari haukugusa Kongo kabisa. Ulitoka Nairobi ukapanda kaskazini, ukapita karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, kwenye barafu, kisha ukateremka hadi Vancouver. Nikachukua chungwa mezani nikamweleza kwamba dunia ni ya mviringo, ile ya ukutani imesukumwa tu kama chapati.

Akalitazama chungwa. "Sasa miaka hii yote nimekuwa naombea nani?"

"Watu wa Kongo," nikasema. Hakucheka.

Tukatoka nje nikamwonyesha upande wenyewe. "Njia ya kwenda kwake inapita pale. Juu ya Kangemi."

"Kangemi kwako?"

"Kwangu kabisa."

Nina wivu, sifichi. Tangu nihamie Kangemi mama hajafika hata siku moja, na si mbali. Ukikaza mwendo unafika kwa miguu. Nimekuwa nikimtamani mama huyu aje anywe chai chumbani kwangu, na yeye anamtamani mwingine.

Akaigeuza stuli, akaketi uso ukielekea kwangu Kangemi, akafumba macho. Akamwombea kaka afya, kazi, mke mwema, na baridi isimwingie kifuani. Nikangoja. Maadamu sasa kwangu kulikuwa njiani mwa maombi yake, pengine angenitaja na mimi.

Alipofika amina, akafumbua macho, akaniuliza kama huko kwa kaka kumekucha.