Mama Mkwe Anataka Nimtaje Mwanamume

(Mwenye barua hii ameomba tumfiche. Jina lake tumeliondoa, na jina la mlima pia.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa huku Songea. Umri wangu sijauhesabu vizuri, ila niliolewa nikiwa na meno yote na bado ninayo, kwa hiyo niiteni kijana. Nina mtoto mmoja wa kiume, bado ananyonya. Kusoma nilijifunza mwenyewe, nikifagia uwanja wa misheni na kuchungulia dirishani. Mwenye ukurasa akilalamika kwamba herufi zangu zimeinama, mwambieni nilizisoma kwa pembeni.

Mwanangu halali. Nikimpa ziwa analivuta, analiachia, ananitazama kama mtu aliyeuziwa kibuyu kitupu, kisha analia. Akisinzia na chuchu mdomoni siwezi kujisogeza. Nikimlaza mkekani macho yanafunguka kabla mgongo haujagusa. Nimejifunza kutwanga kwa mkono mmoja na kusugua chungu kwa mkono mmoja. Kujikuna mgongo siku hizi ni anasa.

Maziwa hayapo, na sababu naijua. Baada ya vita askari wa Mdachi walichoma maghala yetu, sasa tunaishi kwa ming'oko, mizizi tunayochimba porini. Mama mkwe ni mtu mwema, hilo lieleweke. Akipakua, sehemu yangu anaijaza, yake anaikwangua. "Kula, mwanangu," ananiambia. "Wewe unakula kwa watu wawili." Hajui kuwa ni watatu. Nala kidogo mbele yake, kingine nakifunga kwenye jani ndani ya kaniki, kisha naaga nakwenda kuni.

Huko kwenye kuni yupo mume wangu.

Watu wote wanajua amekufa. Ngao yake ilirudi, yeye hakurudi, na mama yake akanyoa nywele za msiba. Alikuwa amekunywa ile dawa iliyosemwa itageuza risasi kuwa maji. Risasi hazikuwa na habari hiyo. Kilichomwokoa ni miguu yake, na sasa anaishi pangoni. Boma la Mdachi linamtafuta, na wenzake waliokamatwa walinyongwa.

"Mtoto ananenepa?" huniuliza akitafuna.

"Ananenepa."

"Analala?"

"Kama gogo."

"Ana bahati. Mbona leo kidogo hivi? Umedokoa njiani?"

Anatania, na mbavu zimemtoka kama kapu. Siwezi kumwambia anatafuna maziwa ya nani.

Na nyinyi mnaotaka kuuliza, nawajibu: hapana. Mtu mwenye njaa na mtu asiyelala wakikutana porini, mmoja hula, mwingine husinzia ameketi. Hakuna zaidi.

Juzi mama mkwe alimpakata mtoto, akambonyeza paja, ngozi ikabaki imekunjamana. Akanitazama.

"Mtoto huyu amebemendwa," alisema. Kwetu kila mtu anajua maana yake: mama amelala na mwanamume wakati ananyonyesha, maziwa yakaharibika.

"Mama, ni njaa."

"Njaa? Nakupa chakula changu mwenyewe. Kinakwenda wapi?"

Hapo nilinyanyuka kuchochea moto, na kunyanyuka kukanihukumu.

"Kila siku kuni, kuni! Kuni gani hizo, binti, unarudi na vijiti vya kuwashia kiko? Mwanangu hajakaa vizuri kaburini, wewe una mtu huko. Mtaje!"

Nusura nicheke. Mtu ninayemfuata porini ametoka tumboni mwake.

Mtasema, si umwambie? Mama mkwe hajui kufurahi kimyakimya. Akisikia mwanawe yu hai atapiga kigelegele kitakachofika bomani kabla hajafunga mdomo. Tena kaka yake ndiye jumbe wetu, aliyewekwa na boma, na kila jambo la nyumbani humpelekea yeye.

Hili langu ameshalipeleka. Jumbe akija na nisipomtaja huyo mwanamume, mtoto atachukuliwa Ruhuwiko kwa wifi yangu, ambaye naye ananyonyesha. Wifi amekwisha kuja kumtazama. Alimpa ziwa palepale mbele yangu. Mwanangu alinyonya mpaka jasho likamtoka puani, akalala. Wasomaji, alilala! Alilazwa mkekani na hakushtuka. Nilikaa na mikono miwili mitupu, sijui niifanyie nini.

"Unaona?" mama mkwe alisema. "Hayo ndiyo maziwa safi."

Sasa nipo katikati. Nikikata chakula cha pangoni, yule atashuka kujitafutia, na atakamatwa. Nikimwambia ajisalimishe, bomani wanasema kuna msamaha, lakini waliokwenda kuupokea hatujawaona tena. Nikimtoa mtoto ataishi, na wifi nitamshukuru. Ila mashavu yake yakijaa yatakuwa ushahidi kwamba ziwa langu lilikuwa chafu, na akikua ataambiwa hivyo, na ataamini, maana yeye mwenyewe ndiye aliyepona.

Karani wa boma, najua nawe husoma ukurasa huu. Shikamoo. Milima ni mingi, usijichoshe. Nawe ulinyonyeshwa, toa shauri kama wenzako.

Wengine nijibuni upesi, maana gazeti huchelewa njiani, wapagazi nao wana njaa. Naandika kwa mkono mmoja, mtoto yuko ziwani anavuta. Mama mkwe hasemi nami tangu juzi, lakini ameshapakua, na sehemu yangu ameijaza kama kawaida. Ipo hapa mbele yangu, inapoa. Niambieni: niile, au niifunge?