Saruji ya Nyumba, Si ya Mashine

Mama alikuwa na mashine ya kusaga nafaka kijijini Busunzu. Mwaka mmoja mahindi yalikubali sana, akabakiwa na fedha ambazo mashine haikuzihitaji. Akaamua kujenga vyumba vya kupangisha Kasulu mjini, maana walimu na wauguzi wanaohamishiwa kule huhangaika kupata nyumba.

Mjomba, mdogo wake, alifurahi kuliko sisi sote. "Dada, saruji na mabati yaandike matumizi ya mashine," alimshauri. "Faida itaonekana ndogo, na kodi itapungua. Wengi wanafanya hivyo."

Asubuhi iliyofuata tulipanda gari, mimi na mama, hadi ofisi ya kodi. Afisa aliyetupokea, dada mmoja mwenye lafudhi ya pwani, alimsikiliza mama mpaka mwisho akiuliza kama ushauri ule unafaa.

"Hapana, mama," alisema kwa upole. "Nyumba si gharama ya kusaga. Faida ya mashine unailipia kodi kwanza, kinachobaki ndicho unachojengea. Wapangaji wakiingia, pango nalo lina kodi yake. Ila risiti za ujenzi zitunze. Ukija kuuza nyumba, gharama hizo zinatolewa kabla ya kupiga hesabu ya faida."

Nilimtazama mama nikidhani atanuna. Akauliza tu kodi ya pango inalipwa lini, kisha akashukuru kwa Kiha, "Murakoze," kama afanyavyo akiheshimu mtu.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakufuata ushauri wa mjomba. Wazazi wa mama walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa hawana kitu, na yeye alikuwa mtu mzima alipopata uraia.

"Nimeishi miaka mingi kwenye ardhi ya watu," alisema. "Hii nyumba nataka ijulikane kuwa ni yangu, popote inapoulizwa. Nikiificha ndani ya mashine, nitakuwa nimejenga nini?"

Alilipa kodi, na kwa fedha iliyobaki akajenga vyumba vichache kuliko alivyopanga. Mjomba alilalamika, lakini ndiye aliyesimamia mafundi hadi paa likaisha. Mpangaji wa kwanza alikuwa mwalimu kutoka Lindi. Siku anahamia, mama alimpelekea ndizi za kupika na maharage, akakaa naye barazani akimweleza wapi maji hutoka mapema. Sikuwahi kumwona ameketi kwa raha namna ile.