Ubishi Juu ya Jalada la Dereva

Jalada la toleo lijalo lilipotoka, nilikuwa juu ya bati la mteja nafunga paneli ya sola, jua la Garissa likinichoma utosi. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni bila kukoma. Nilijua ni kundi letu la wasomaji wa Dereva. Mtu mwenye akili angemaliza kazi kwanza. Mimi nilikaa palepale juu ya bati la moto, nikaweka bisibisi kando, nikafungua picha.

Kwa asiyemjua Dereva: ni shujaa wa katuni inayochorwa kwa Kiswahili. Tunaisoma kwenye simu, toleo baada ya toleo. Siku za kawaida anaendesha boza la maji huku kwetu. Mambo yakiharibika anajifunga kitambaa usoni, na hapo anaweza kunyanyua lori lililozama kwenye tope, na anasikia maji yakipita chini ya ardhi. Adui yake ni tajiri anayefunga visima. Mimi ni mtu mzima, nina mke na duka la vifaa vya sola, na nampenda Dereva kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya watu wa ukoo wetu. Mke wangu alijua nasoma katuni. Aliliona jambo hilo kuwa udhaifu mdogo, afadhali kuliko kutafuna miraa.

Kwenye jalada lile Dereva amepiga magoti. Kitambaa kimeanguka mchangani, uso uko wazi, na mbele yake amesimama mwanamke mtu mzima aliyetupa mgongo sisi wasomaji. Chini pameandikwa kwamba Dereva ataonyesha uso wake kwa mtu mmoja tu. Hakikuandikwa kingine. Kabla ya magharibi kundi lilikuwa limewaka.

Kundini tuliandika Kiswahili, kwa sababu katuni yenyewe ni ya Kiswahili na wasomaji wake ni mchanganyiko: Wasomali wa Garissa na Ifo, Waborana wa upande wa Wajir, walimu waliotoka Nairobi. Hakuna aliyetumia jina lake. Mimi nilijiita Wakili, na mtu anayejipa jina kama hilo hahitaji kuelezwa zaidi.

“Hiyo mama ni adui, amejibadilisha,” mmoja akaandika.

“Ni mama yake, yule alipotea Liboi,” akaandika mwingine.

Kisha akaingia Msafiri. “Hiyo ni mama ya bibi yake. Lakini Dereva hatamwangalia. Ataona haya. Mtaona, atainamisha kichwa na afunge kitambaa tena.”

Hapo naomba nieleze kidogo. Kwetu Wasomali, mtu na mama mkwe wake huoneana haya. Hamtazamani usoni, hamli sahani moja, hamtaniani. Mkiwa na la kuambiana, linapitia kwa mtu wa tatu, mara nyingi mke wako, hata mkiwa mmekaa nyumba moja na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri. Wala si chuki, ni heshima. Wako walioilegeza. Kwa wakwe zangu imeshikwa kwa mikono miwili.

Nikamjibu Msafiri nikiwa bado juu ya bati. “Mzee, hiyo ni mila ya zamani. Dini yenyewe inasema mama mkwe ni mahram, ni kama mama yako. Haya ya nini? Dereva atainua uso, atamwita hooyo, yaani mama, waongee kama watu. Wewe egesha lori upumzike.”

Nilimwita mzee kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba Msafiri ni dereva mstaafu. Alijua barabara ya Liboi mvua inapoikata, jinsi watu wanavyolala chini ya lori na kupika chai hapohapo wakingoja tope likauke. Alijua Hulugho. Mchoraji akikosea kitu kwenye boza la Dereva, yeye ndiye wa kwanza kulalamika. Sikumuuliza alikoyajulia. Nilijijibu mwenyewe, kama kawaida yangu.

Akanijibu: “Wakili, mdomo yako ni kama honi. Inalia sana na gari imesimama.”

Kundi zima likacheka, nami nikacheka peke yangu juu ya bati hadi mteja akatoka nje kuangalia kuna nini. Wiki zile za kungojea toleo nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nikishaswali alfajiri, kabla ya chai, naangalia Msafiri amesema nini. Hakuna aliyewahi kunibishia vizuri namna ile. Ukimrushia neno analirudisha na sukari kidogo, unalimeza halafu ndipo unasikia pilipili.

Siku moja ubishi ulipopanda nikaingiza nyumba yangu mwenyewe, ili nishinde. “Mimi nikienda kwa mama mkwe wangu nakaa kama mtu anangoja kung'olewa jino. Anauliza mvua kupitia bibi yangu, najibu mvua kupitia bibi yangu. Siku akinipa nafasi, wallahi nitainua kichwa niongee na yeye.”

Msafiri akaandika: “Mimi pia niko na mkwe. Mtu mzuri. Miaka hii yote najua viatu yake tu.”

Nilidhani anasema mke wa mwanawe. Nikaandika haraka, kifua mbele: “Mkwe wako ni mwoga. Mwambie Wakili amesema.”

Wengine wakaleta vicheko vyao. Baadaye jioni, ubishi ukiwa umeshapoa, Msafiri akaandika tena, bila kumjibu mtu yeyote: “Nyinyi ndio watu naongea na nyinyi siku mzima. Nyumba imebaki kimya.” Nikamtumia picha ya mzee amelala kwenye kiti. Niliona nimechekesha.

Msimamizi wa kundi, Mborana mmoja mwenye duka la dawa hapa mjini, ndiye aliyetoa wazo kwamba sisi wa Garissa tukutane kabla toleo halijatoka, tumalize ubishi ana kwa ana. Hoteli moja karibu na soko, upande wa familia, baada ya swala ya alasiri. Ili tujuane, kila mtu afungue jalada kwenye simu yake. Nilichelewa kwa sababu ya mteja mmoja wa betri. Nikaingia nimeshika simu mbele yangu, imewaka, na maneno ya kuanzia nimeshayapanga njiani.

Palikuwa na meza ya watu wanne. Msimamizi, mwalimu mmoja, msichana wa chuo, na mwanamke wa jilbab ya kahawia aliyeupa mgongo mlango. Nilimjua kabla hajageuka. Mgongo wake na sauti yake ndivyo vitu vyake ninavyovijua.

“Wakili!” msimamizi akapiga kelele, akasimama. “Huyu sasa ndio Wakili! Kuja, kiti yako ni hapa kando ya Msafiri. Sisi tulidhani ni mzee, kumbe ni mama!”

Mama mkwe wangu akageuka. Aligeuka akiwa tayari anatabasamu, tabasamu lililoandaliwa kwa ajili ya Wakili, na likabaki usoni pake kidogo, halina pa kwenda. Ndiyo mara ya kwanza niliyomwona uso mzima. Ana macho ya mke wangu. Kisha akavuta pindo la ushungi hadi mdomoni, akainamisha kichwa, na nina hakika alikuwa anaangalia viatu vyangu.

Hii ndiyo ile nafasi niliyoiapia. Nilichotakiwa kufanya ni kuvuta kiti.

“Nimesahau simu dukani,” nikasema.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Dereva alikuwa amepiga magoti pale kwenye kioo, kila mtu anamwona. Msichana wa chuo akaitazama simu, akanitazama mimi. Nikageuka nikatoka, nikamgonga mtu aliyebeba kreti ya soda, wala sikumwomba radhi. Nilitembea hadi dukani masikio yakiniwaka, nikajifungia, na pale katikati ya betri zangu nikaliona lile neno nililomwandikia. Mkwe wako ni mwoga. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni ile kundini pakatokea mstari mmoja: Msafiri ameondoka.

Msimamizi akanipigia. “Ulienda wapi, bwana? Yule mama alileta sambusa, alileta chai ya maziwa ya ngamia kwa thamosi. Kabla ukuje alikuwa anauliza tu, huyo Wakili amefika? Nataka kuona hiyo mdomo. Halafu ukatoka na yeye akatoka. Mnajuana?”

“Hapana,” nikasema.

Aibu ina ngazi zake. Siku za kwanza niliona aibu kwa ajili yangu: sasa anajua kwamba kumtembelea kwangu ni sawa na kung'olewa jino, anajua nilivyo na kelele mahali nisipoonekana. Nilijikunja kitandani nikikumbuka sentensi moja moja. Kisha ikaja ngazi ya pili, ambayo mpaka leo sijashuka. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa dereva wa lori. Nilijua hilo tangu siku ya posa, na sikulikumbuka hata mara moja. Mke wake alipanda naye lori akiwa bibi harusi, na sasa ni mjane anayesoma katuni ya dereva kwenye simu, mtaa wa pili kutoka nyumbani kwangu, na watu wa kuongea naye siku nzima walikuwa ni sisi. Mimi nina duka, nina wateja, nina mke, nina msikiti uliojaa marafiki. Ningetoka mimi kundini mara moja, saa ileile, yeye abaki. Nilikuwa bado najihurumia pale kwenye betri, na yeye akatangulia kutoka.

Nilifikiria kumweleza mke wangu. Lakini kumweleza ni kumwambia kwamba mama yake anaona upweke, na amewaambia wageni, hakumwambia yeye. Pia ni kumwambia niliyoyasema. Sikujua lipi linanizuia zaidi. Nikanyamaza. Kila Ijumaa, siku yetu ya kwenda kwa mama yake, nikawa na kisingizio. Betri za Ifo. Paneli ya msikiti. Tumbo.

Toleo likatoka. Nililisoma dukani nimesimama. Mwanamke yule alikuwa mama wa mke wa Dereva kweli, Msafiri alipatia hapo. Na Dereva akainua uso, akamtazama, akamwita hooyo, na yule mama akaweka mkono juu ya kichwa chake. Yaani nilishinda. Kundi likanivisha taji. Wakili, Wakili, wapi hotuba? Nilitafuta jina la Msafiri kwa mazoea, nione amekasirika kiasi gani.

Ijumaa iliyofuata mke wangu alikataa visingizio. Tukaenda. Nyumbani tunaongea Kisomali, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili kama yalivyo. Nikakaa kwenye mkeka, mahali pangu pa siku zote. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, na mke wangu amekaa mlangoni katikati yetu. Salamu zikapita kwake kwenda na kurudi. Afya njema, alhamdulillahi. Mke wangu akaniletea gilasi ya chai. Nikaishika ikiniunguza vidole, nikaona afadhali.

“Mwambie mume wako,” sauti ikatoka nyuma ya pazia, “yule mwandishi amekosea.”

Mke wangu akanigeukia. “Mwandishi gani?”

Nikapuliza chai.

“Mwambie, pale mtu angeona haya. Huwezi kuinua uso hivihivi tu kama unaangalia bei ya mbuzi. Aliyeandika vile hakulelewa huku. Muulize yeye anasemaje.”

Niliujua ubishi ule. Sikuwahi kuusikia kwa masikio, lakini nilikuwa nimeusoma kila asubuhi kabla ya chai. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananichokoza. Mama mtu mzima, mwenye haya zake zote, alikuwa amekaa na jambo hili Ijumaa kadhaa akatafuta mlango, na akaupata bila kuvunja mila hata moja: yeye anasema na binti yake, binti yake anasema na mimi. Hakuna wa kumlaumu.

Na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu niliposoma toleo nimesimama dukani. Kwamba Dereva aliona haya, mtazame mikono yake kwenye ule mchoro, imeng'ang'ania mchanga. Aliona haya na bado akainua uso, na hiyo ndiyo nguvu yake kuliko kunyanyua malori. Kwamba mwandishi ni wa huku kabisa. Kwamba wewe mwenyewe, Msafiri, unajua hivyo, unataka tu kubisha. Yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mke wangu ananitazama, anangoja. Nyuma ya pazia hakuna kilichosogea, hata kijiko.

“Mwambie chai ni nzuri,” nikasema.

Nilikuwa bado sijaionja. Mke wangu akaiangalia gilasi iliyojaa, akaniangalia mimi. Hakuhitaji kurudia neno langu, nyumba ni ndogo.

Nyuma ya pazia sufuria ikashushwa motoni taratibu.

“Mwambie karibu,” akasema, kwa sauti ileile ya kuulizia mvua.

Mke wangu akageuka kunifikishia, ingawa nilikuwa nimesikia.