Mhudumu wa afya wa Gesima anayesubiri zamu yake

Ukungu wa saa moja asubuhi bado umelala juu ya majani ya chai ya Gesima, na Roselyne Nyangate anapita ndani yake polepole, kama mtu anayetembea usingizini. Mkobani ana mashine ya kupima presha na simu ya kuwaandikisha wanakijiji kwenye bima mpya ya afya.

“Saa hii dunia inakuwa kama haijaamka,” anasema. “Naipenda.”

Roselyne, 47, ni mhudumu wa afya ya jamii. Posho yake ni shilingi elfu tano kwa mwezi, na nyumba anazotembelea ni mia moja na tatu.

Mwaka jana, bima hiyo iliwagawanya waumini nje ya kanisa baada ya ibada ya Sabato. Mwalimu Haron alilalamika kwamba hukatwa mshahara kila mwezi, augue asiugue. Mokua, mkulima, akajibu kwamba bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka, nayo bima inataka malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo, hata bonasi ikiwa bado.

“Nilirudi nyumbani nikiwaza, hawa wote wanasema kweli,” anakumbuka Roselyne.

Akakusanya familia kumi na mbili. Kila moja huchanga mia mbili kwa wiki, na kila baada ya wiki tatu familia moja hulipiwa bima ya mwaka. Walipopiga kura ya nani aanze, Roselyne alitoka wa kwanza. Wa mwisho akawa jirani yake Phanice, mjamzito wa miezi saba.

Roselyne alimwita kando wakabadilishana zamu.

Phanice alijifungua kwa upasuaji, na bima ikalipa. Wiki hiyohiyo Roselyne aliteleza kwenye mteremko wenye matope, akavunjika mkono. Yeye hakuwa na bima. Mumewe, Thadeus, aliuza kondoo wawili ili atibiwe.

Je, alijuta?

Anatazama mabonde yanayoanza kufunguka chini yake.

“Mkono umepona,” anasema. “Na mtoto yuko. Juzi amekaa mwenyewe.”

Zamu yake ni mwezi Juni. Anapanga kwenda hospitali siku hiyohiyo atakayolipiwa, ingawa haumwi popote, apimwe kila kitu.

“Nataka niingie pale nikae kwenye benchi,” anasema, akitabasamu. “Muuguzi aniulize naumwa wapi. Asiniulize kwanza nimekuja na pesa ngapi.”