Nilifunga Barabara kwa Matawi, Rafiki Yangu Akaitwa Mwizi wa Mbio

Nilikosa. Wacha nianze hapo kabla hasira haijanipeleka mahali pengine. Nilikosa vibaya, na anayelipia si mimi.

Siku uvumilivu uliponiisha ilikuwa Alhamisi, kwenye mkutano wa mwisho wa kupanga mbio za kijiji chetu. Tulikuwa tumekalia viti vya watoto wa darasa la nne, magoti yamefika kidevuni. Mtoto wangu alikuwa ananyonya. Nikainua mkono nikauliza, "Mzee, pikipiki ya kuongoza kina mama itatoka wapi?"

Mwenyekiti hata hakunitazama. "Pikipiki ni moja, itaongoza wanaume. Kina mama watafuata alama za chokaa barabarani. Na wewe mama mtoto, utashika mambo ya chai na mandazi. Hiyo ndiyo kamati yako."

Watu wakacheka. Mmoja akaongeza, "Na asisahau sukari kama mwaka jana!"

Jamani! Hizo mbio ni mimi nilizianzisha!

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nimetoka kujifungua mtoto wa kwanza. Mwili ulikuwa mzito na roho nzito zaidi. Nilikuwa nalia nikichuna chai, nalia nikikamua ng'ombe. Aliyenitoa hapo ni rafiki yangu mmoja, nitamwita Chelangat ingawa si jina lake. Kwao ni Chebunyo, kwenye ng'ombe na jua kali, aliolewa huku kwetu kwenye chai na matope. Shuleni alikuwa mkimbiaji wa kutisha. Akapata mimba kidato cha tatu, mambo yakaishia hapo.

Alinianzisha polepole. Kila alfajiri kabla ya kuchuna, tulikuwa tunakimbia kutoka kwa gate yangu mpaka kituo cha majani chai na kurudi. Siku nilizokosa hamu alikuwa anasimama nje akinitukana mpaka majirani wanaamka. "Wewe, toka! Kwani umeolewa na blanketi?" Nikitoka nimenuna ananiambia, "Nuna ukikimbia, hakuna shida." Haki ya Mungu, yule mwanamke aliniokoa.

Kina mama wengine wakatuona, wakaingia. Ndio nikasema tufanye mbio zetu wenyewe. Mwaka wa kwanza tulikuwa kumi na mmoja, wengine na sketi, wengine miguu mitupu, zawadi ni jogoo. Nilichora njia kwa chokaa mimi mwenyewe. Ili mtu asikate njia, niliweka mtu juu mlimani wa kumfunga kila mkimbiaji utepe mkononi. Ukifika mwisho bila utepe, umetolewa. Sheria hiyo niliitunga mimi. Kumbukeni hilo.

Mwaka huu mfanyabiashara mmoja wa mjini akasema ataleta tisheti. Kisha kocha wa kampi moja ya wakimbiaji upande wa Kericho akasema atakuja, na wanawake watatu wa kwanza atawachukua kampini. Chakula, viatu, mazoezi, kila kitu. Aliposikia hivyo Chelangat alikaa chini kwenye nyasi, akashika kichwa. "Mama," akaniambia, "hii ni ile nafasi niliyoiacha kidato cha tatu. Imerudi." Mume wake alikubali. Hata mama mkwe alikubali kubaki na watoto!

Lakini mara tu tisheti ziliposikika, wazee wakaingia kwenye kamati kama wamealikwa. Mwenyekiti akaita wasichana sita kutoka kampi nyingine waje kukimbia na kina mama wetu, ati ili picha zipendeze. Wasichana wasio na mtoto, wasiochuna chai, kazi yao ni kukimbia tu! Nilipinga. Ndipo nikaambiwa nishike birika.

Nilitoka kwa mkutano huo na hasira. Badala ya kurudi nimwambie yule mzee usoni yaliyokuwa moyoni, nilienda nyumbani nikapanga ujinga.

Huku kwetu ukiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, huulizi. Unajua kuna lori la majani chai limekwama mbele, unatafuta njia nyingine. Mpaka mtoto anajua. Njia ya mbio ilikuwa inafika njia panda karibu na kituo, inakunja kulia kupanda mlima. Kushoto kunashuka mtoni, halafu kunatokea karibu na uwanja. Ni kufupi. Nikawaza: wasichana wa kampi watakuwa mbele, wataona matawi, watashuka mtoni, watafika bila utepe, watatolewa wote. Chelangat huwa anaanza polepole, anakuja nyuma. Wakishapita nitaondoa matawi, apande mlima wake bila shida.

Sikumwambia. Nilijua angekataa. Chelangat hata mizani ya majani ikimzidishia anarudi kumwambia karani.

Jumamosi ikafika. Kulikuwa kumenyesha usiku, barabara ni matope. Niliacha birika kwa wenzangu, nikabeba mtoto mgongoni, nikakata matawi, na wanaume walipokwisha kupita na pikipiki yao, nikayalaza kwenye barabara ya kupanda mlima. Kisha nikajificha katikati ya chai. Mtoto alikuwa amelala. Hata chokaa sikuifuta. Niliona matawi yanatosha.

Nikasikia miguu. Wa kwanza kutokea alikuwa Chelangat.

Ati wa kwanza! Baadaye niliambiwa kwamba pale mwanzoni wasichana wa kampi waliuliza, "Sasa nani anatuongoza?" Pikipiki hakuna. Chelangat akawaambia, "Nifuateni, hii njia naijua." Ndio maana alitangulia. Aliwaonea huruma wageni!

Alikuwa ameacha pengo kubwa. Wueh, alikuwa anakimbia vizuri! Sikuwa nimewahi kumuona hivyo. Akafika kwa matawi. Yeye ni mwenyeji, chokaa hakuitazama, kwa nini aitazame? Alitazama matawi. Akasita hatua moja, akaangalia juu mlimani, akakunja kushoto, akashuka mtoni.

Ningepiga kelele moja tu. "Chelangat, kulia!" Maneno mawili. Nilifungua mdomo nikaufunga, maana wasichana wa kampi walikuwa wanakuja na wangeniona. Niliogopa aibu. Hiyo tu.

Nao wasichana? Walikuwa wameambiwa wafuate chokaa, walikuwa wanaangalia chini. Wakafika, wakaruka matawi kama mbuzi, wakapanda mlima. Wote sita.

Mimi nikatoka, nikayavuta yale matawi, nikayatupa ndani kabisa ya chai. Kisha nikakata katikati ya chai mpaka uwanjani, ambako ni kufupi hata kuliko mtoni, nikashika birika.

Chelangat aliingia uwanjani peke yake. Watu walipiga vigelegele mpaka mtoto wangu akaamka akalia. Kocha akasimama. Mama mkwe wake akatupa kitambaa juu. Kisha mwenye orodha akamwambia, "Leta mkono." Mkono haukuwa na utepe.

"Barabara imefungwa," Chelangat akasema, bado anahema. "Kuna matawi. Nilidhani lori limekwama, nikapitia mtoni. Utepe unatolewa wapi sasa?"

Mwenyekiti akatuma mtu wa pikipiki aende aone. Akarudi. "Hakuna tawi hata moja, mzee. Barabara ni safi."

"Yalikuwepo! Naapa kwa watoto wangu wawili, yalikuwepo!"

Wasichana wa kampi walipofika, mmoja alisema ni kweli waliruka matawi. Mwenyekiti akamkatiza, "Wewe pumzika, umeshinda." Kisha akachukua spika akatangaza uwanja mzima: huyu mama wa kutoka Chebunyo amekata njia, na huku kwetu hatutaki wezi wa mbio.

Chelangat alikuwa ananitafuta kwa macho. Alijua nitamtetea, maana huwa simuogopi mtu. Nami nilikuwa namimina chai kwenye vikombe. Nilimimina mpaka ikamwagika mezani.

Kocha aliondoka na watatu wake jioni ile ile.

Tangu siku hiyo Chelangat hajakimbia hata hatua moja. Akifika kituoni na kikapu chake, kuna wanaume wanamwambia, "Mama, leo umepitia mtoni?" na wanacheka. Mume wake alimwambia hizo mbio ziishe, zimemletea aibu. Mama mkwe hamsemeshi. Mimi nami alfajiri nafunga viatu, nafika kwa gate, nasimama. Miguu inakataa. Narudi kitandani na viatu.

Wiki tatu nilinyamaza. Wiki tatu nzima! Kisha siku moja tulikuwa tunachuna mistari iliyo karibu, nikamwambia yote. Hakuacha kuchuna. Mikono ilienda tu, inachuna, inatupa nyuma kwenye kikapu. Mwishowe akaniuliza:

"Ulikuwa ndani ya chai?"

"Ndio."

"Uliniona nikisita?"

"Nilikuona."

"Niliapa kwa watoto wangu mbele ya watu. Wewe ulikuwa umeshika birika." Akahamia mstari mwingine. Akiwa kule akasema, bila kugeuka, "Usinisalimie tena."

Sijamsalimia.

Nilienda kwa mwenyekiti nikamwambia ukweli. Mnajua alinijibu nini? "Nyamaza, mama. Mwaka ujao tisheti zinakuja mara mbili. Unataka kuharibu jina la mbio?" Jina la mbio! Na jina la mtu je? Kocha nilimtafuta kwa simu. Alinisikiliza vizuri, akasema pole, nafasi zilijaa.

Wewe unayepanga mbio huko kwenu, wewe uliye na hasira na kamati, nisikie. Hasira yako inaweza kuwa ya haki kabisa. Yangu ilikuwa ya haki na bado naisimamia. Lakini mwambie mtu usoni, hata wakucheke, hata wakutoe kwenye mkutano. Usiende kujificha kwenye chai. Na ukishakosa, piga kelele saa hiyo hiyo. Mimi nilingoja, na sasa hata nikipiga kelele hakuna anayetaka kusikia.

Jumatatu nilienda kwa ofisi ya chifu na barua. Karani akaisoma, akacheka. "Mama, mlalamishi ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Na mshtakiwa?"

"Soma. Ni mimi."

"Hatuna fomu ya hivyo. Rudi nyumbani unyonyeshe."

"Piga muhuri," nikamwambia. "Siondoki."

Nilikaa pale mpaka saa tisa. Mtoto alilia, nikamwacha alie. Mwishowe akapiga muhuri, akasema itapelekwa kwa kamati ya mbio ijibu. Na kamati hiyo inaongozwa na nani? Na yule yule. Kwa hivyo sitarajii kitu. Lakini iko kwenye faili, na niliandika hivi:

"Kwa Chifu. Nalalamika kwamba mimi mwenyewe niliweka matawi kwenye barabara ya mbio, nikayaondoa, na nikanyamaza mwenzangu akiitwa mwizi. Mama huyo hakukata njia. Njia ilifungwa, na niliyeifunga ni mimi. Naomba watu waitwe uwanjani waambiwe hivyo kwa spika, mume wake na mama mkwe wake wakiwepo. Mshtakiwa wa kwanza ni mimi. Mshtakiwa wa pili ni mwenyekiti, ambaye aliwanyima kina mama pikipiki, na alipoambiwa ukweli akaukalia. Siombi msamaha kwa barua hii. Mwenye kuutoa ameniambia nisimsalimie."